Vibainishi vya Kifaransa: 'le' si 'ile'

MAJUZI mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinionyesha daftari lake la Kifaransa. Alikuwa ameandika kanuni mbili alizofundishwa: 'le' ni 'ile', na 'un' ni 'moja'. Kwa kanuni hizo alitafsiri 'J'aime le café' kuwa "Napenda ile kahawa", akakosolewa.

"Mwalimu, si nimefuata tu vile tuliambiwa?" aliniuliza.

Kweli alifuata. Kosa ni la kanuni yenyewe.

Sikatai kwamba ina chembe ya ukweli. 'Le' imetokana na 'ille' ya Kilatini, yenye maana ya 'yule'. 'Un' imetokana na 'unus', yaani moja. Kiswahili cha Eastlands nacho hupita njia iyo hiyo. Makanga wa matatu za Barabara ya Jogoo atasema, "Kuna msee mmoja amesahau simu," kisha, "Huyo msee amerudi." 'Mmoja' humwingiza mtu mpya katika mazungumzo, 'huyo' humrejelea akishajulikana. Mfaransa angeanza na 'un homme', kisha 'l'homme'.

Hata hivyo, Kifaransa kimekwenda mbali zaidi. 'J'aime le café' kwa kawaida huhusu kahawa kwa jumla, si ile iliyo mezani. 'Je bois du café' ni kiasi fulani cha kahawa. Ukikanusha, 'du' hugeuka 'de': 'Je ne bois pas de café'. Kiswahili hutosheka na nomino tupu kote: napenda kahawa, nakunywa kahawa, sinywi kahawa. Ukichomeka 'ile' hapo, umebadilisha maana.

Isitoshe, Kiswahili hubainisha hata bila neno la ziada. "Nimeona gari" si sawa na "Nimeliona gari". Kiambishi 'li' hudokeza gari ambalo msikilizaji tayari analijua. Tofauti hiyo ndiyo Mfaransa huionyesha kwa 'une voiture' na 'la voiture'. Daftarini haikuwamo.

Walimu wanaolinganisha neno kwa neno huwanyima wanafunzi ujuzi walio nao tayari. Nilimwomba afute kanuni zake, aandike maswali manne: Je, kitu hiki ni kipya katika mazungumzo? Kinajulikana? Ni cha jumla? Ni kiasi tu?

Aliyajaribu kwa sentensi zake, akacheka.

"Kumbe hii kitu naijua!"