Asali ya Rugerero na Jina la Msitu

Hakuna neno linalouza asali upesi kama "msitu". Ukiwa Rugerero, wilayani Rubavu, juu kidogo ya Gisenyi na Ziwa Kivu, msitu unaotajwa ni Gishwati, na hapo ndipo mnunuzi mjuzi huanza kuuliza. Kwa kawaida nyuki hatafuti chakula zaidi ya kilomita tatu hivi kutoka mzingani. Gishwati uko mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo mzinga uliotundikwa Rugerero kwenyewe hautoi asali yake. Hutoa asali ya Rugerero, ambayo nayo haina haja ya kuazima jina.

Chakula cha nyuki wa huku ni cha mchanganyiko. Kuna umubirizi, kichaka cha majani machungu ambacho watu hukiotesha uani kwa ajili ya dawa. Kuna kishona nguo, kinachoshika shamba likishavunwa. Alizeti mwitu za kando ya barabara. Umusave wenye maua ya njano. Migomba na miparachichi. Halafu kuna mkaratusi. Huu si mti wa asili, uliletwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20, lakini asiyeujua hawezi kuhukumu asali ya nchi hii, maana ukichanua mbochi wake humeza ladha za mimea midogo yote. Asali yake ni ya kahawia, na ladha yake hukawia mdomoni. Wengi hutarajia inukie kama dawa ya kikohozi. Mafuta yenye harufu ile yako majanini, na nyuki hali majani. Chupa inayonukia hivyo yafaa kutiliwa shaka.

Gishwati ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya msitu huo ilikatwa kwa ajili ya malisho na, baada ya 1994, makazi ya waliorejea kutoka uhamishoni. Kilichobaki kiliunganishwa na msitu wa Mukura kuwa Hifadhi ya Taifa kwa sheria ya 2015. Mizinga iliyo pembezoni mwake hupata maua ambayo Rugerero ni adimu: umugote, ndugu wa mzambarau, na umukore. Kwa kuwa miti haichanui yote kwa pamoja, mavuno ya msimu mmoja hayafanani na ya msimu unaofuata. Anayekuuzia "asali ya msitu" yenye rangi ileile na ladha ileile mwaka mzima, basi ama anachanganya kutoka mizinga mingi, ama msitu wake uko kwenye lebo tu.

Rangi hudanganya kuliko kitu chochote. Wanunuzi wengi huamini kwamba asali nyeusi ndiyo safi. Kweli, asali iliyokoza mara nyingi ina madini zaidi, lakini hata sega kuukuu hutia weusi, na asali ya Oku, Kamerun, ni nyeupe kama mtindi kwa sababu ya maua ya milimani. Ubora wake ulitambuliwa mwaka 2013 kwa ulinzi wa jina la mahali. Chunga zaidi moshi. Mrinaji akizidisha moshi, maua yote hupotea puani, na hapo ni kazi bure kujadili mmea.

Kuganda nako kumewaponza wauzaji waaminifu. Asali yenye glukosi nyingi kuliko nyingine huganda mapema, na kiasi hicho hutegemea maua. Kuganda peke yake si dalili kwamba imetiwa sukari. Jaribio la njiti ya kiberiti na lile la tone kwenye glasi ya maji hayafai kitu, afadhali kuonja.

Kosa ambalo mmea hauna lawama nalo ni maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka yasizidi asilimia 20 kwa asali nyingi. Yakizidi, hamira ya asili huichachusha. Rubavu ni kwenye mvua, hivyo muulize mrinaji kama masega yalikuwa yamezibwa kwa nta yalipokatwa. Pindua chupa: kiputo kipande polepole. Kisha fungua kifuniko na unuse. Harufu ya pombe, au povu jembamba juu ya asali, yatosha kuirudisha chupa mezani hata kama muuzaji ameshataja Gishwati mara tatu.