Sura Mpya ya Jasusi, Ukimya Uleule wa Mahali: Roger Moore katika Delta ya Rufiji

Sehemu hii inahakiki namna kubadilika kwa mwigizaji mkuu kunavyobadili mfululizo wa filamu za jasusi James Bond. Kielelezo kikuu ni filamu iliyo nje ya mfululizo huo lakini inayohusiana nao kwa karibu: Shout at the Devil (1976). Mandhari yake ni delta ya Rufiji, eneo la visiwa na mikoko ambamo Maparoni imo. Hoja inayojengwa ni kwamba mwigizaji mpya hubadili moyo wa jasusi, lakini habadili nafasi ya wenyeji wa mahali anapopita.

Kuanzia 1962 hadi 2021, filamu 25 za mfululizo rasmi zilibebwa na waigizaji 6. Sean Connery alimsawiri Bond kama mtu mkavu, mwenye ukatili uliofunikwa na adabu. George Lazenby, aliyeigiza mara moja tu mwaka 1969, alimpa huzuni: Bond anaoa, na mkewe anauawa. Mwongozaji wa filamu hiyo alikuwa Peter Hunt. Roger Moore, katika filamu 7 za kati ya 1973 na 1985, aliutua mzigo huo na kuleta mzaha.

Hunt huyohuyo ndiye aliyeongoza Shout at the Devil, Moore akiwa Sebastian Oldsmith. Mwanzoni Moore ni yuleyule mcheshi. Kisha mtoto wake mchanga anauawa katika shambulio la Wajerumani, na mzaha unakoma. Katika mfululizo wenyewe, Moore aligusa msiba wa Bond kwa muda mfupi tu, alipozuru kaburi la mkewe katika filamu ya 1981. Hivyo basi, wepesi wa Bond wake haukutokana na upungufu wa mwigizaji. Ulikuwa uamuzi wa mfululizo.

Hata hivyo, delta yenyewe haikupata mabadiliko hayo. Kisa cha filamu kimechotwa katika historia ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyozamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji. Msasi P. J. Pretorius aliipeleleza na kupima vina vya mikondo. Mwisho wake ulikuja Julai 1915, kwa mizinga ya Severn na Mersey iliyoongozwa na ndege. Filamu inaibadili meli jina kuwa Blücher na kuizamisha kwa bomu linalopenyezwa ndani yake. Kazi ya wengi inageuzwa kuwa ushujaa wa mmoja, kama ilivyo kawaida ya Bond.

Aidha, Mohammed, mtumishi anayewafuata mashujaa hao, ni bubu, na ameigizwa na Mwingereza, Ian Holm. Nayo mandhari ya Rufiji ilipigwa picha Malta na Afrika Kusini. Mahali panatajwa, lakini hapaonekani wala hapasemi.

Inaweza kudaiwa kwamba huo ni upungufu wa zama zake. Casino Royale (2006) inadhoofisha dai hilo. Daniel Craig alimletea Bond mwili unaoumia na moyo unaosalitiwa, mageuzi makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Lakini Mbale, Uganda, inaonekana humo kama kambi ya wapiganaji na kiongozi wao Obanno anayetafuta pa kuweka fedha zake. Mwananchi wa kawaida wa Mbale hana neno.

Kwa hiyo, uhakiki unaopima mfululizo kwa sura ya mwigizaji peke yake unapima nusu ya kazi. Kigezo cha pili kinahitajika: nani mwenyeji wa mahali hapo, na je, anasema? Kwa kigezo hicho, umbali kati ya Rufiji ya Moore na Mbale ya Craig ni mdogo kuliko miaka 30 inayozitenganisha.