Risasi Zilizorudishwa Dukani

Katika Injili ya Luka sura ya 22, usiku ule wa mwisho, Bwana Yesu anazungumza na wanafunzi wake habari ya kununua upanga. Wanamjibu upesi kwamba wanazo panga mbili tayari. Saa chache baadaye mmoja wao anamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu, na Yesu analigusa sikio lile na kuliponya. Tangu usiku huo Kanisa linaulizwa swali lisiloisha: mtu anaponunua silaha, hasa ananunua nini?

Filamu ya Bowling for Columbine, aliyoitengeneza Michael Moore wa Marekani mwaka 2002 na kupewa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, inauliza swali hilohilo. Tumeitazama tukiwa Bariadi, ambako mtu haendi dukani kununua bunduki kama anavyonunua sabuni. Kwetu anayetaka bunduki sharti aombe leseni na achunguzwe, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeipata kwa njia ya panya. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kwetu kuitazama filamu hii tukitikisa vichwa na kuwasikitikia Wamarekani. Tunaandika haya kwa sababu tulipofika mwisho wake hatukuweza tena kuwasikitikia wao peke yao.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili wa shule ya sekondari ya Columbine, jimbo la Colorado, waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Risasi walizotumia, nyingine zilinunuliwa Kmart, mojawapo ya yale maduka makubwa ya bei nafuu ambako familia hununua viatu vya watoto, masufuria na ndoano za kuvulia samaki chini ya paa moja. Moore anawachukua vijana wawili walionusurika, mmoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu, wakiwa bado na risasi mwilini. Anawapeleka makao makuu ya kampuni hiyo, jimbo la Michigan, na kusema wamekuja kurudisha bidhaa. Wanasubirishwa. Wanatoka, wanakwenda kwenye duka la karibu la kampuni hiyohiyo, wananunua risasi zote zilizopo, na kesho yake wanarudi nazo wakiwa na waandishi wa habari. Hapo kampuni inatangaza kwamba ndani ya siku 90 itaacha kuuza risasi za bastola.

Hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu, na ubora wake hautokani na maneno ya Moore. Vijana wale hawakuhubiri. Walionyesha makovu. Tulimkumbuka Tomaso, ambaye hakusadiki kwa hoja bali kwa alama za majeraha. Mwenye duka anaweza kubishana na takwimu mwaka mzima, lakini ni vigumu kumtazama mtoto aliyebeba bidhaa yako katika uti wa mgongo ukamwambia haikuhusu.

Mahali pengine filamu inatukwaza. Karibu na mwisho Moore anaingia nyumbani kwa Charlton Heston, mwigizaji mzee aliyekuwa rais wa chama cha wenye bunduki cha NRA. Anamhoji mpaka mzee anainuka na kuondoka, kisha anaacha kwake picha ya mtoto wa miaka 6 aliyeuawa kwa bunduki. Hoja ilikuwa ya haki. Lakini katika Mathayo 18 Bwana anatufundisha kumwendea ndugu aliyekosa kwanza peke yetu, sisi na yeye, na mbele ya kamera hakuna peke yetu. Anayeaibishwa hadharani hutetea uso wake, hafikirii kosa lake.

Hata hivyo swali kuu la filamu lina uzito. Moore anavuka mpaka hadi Kanada, nchi yenye bunduki nyingi majumbani lakini mauaji machache kuliko Marekani. Anafungua milango ya nyumba za watu mjini Toronto na kuikuta haijafungwa kwa ufunguo. Jibu lake ni kwamba Wamarekani wanauziwa hofu, hasa na televisheni, na mwenye hofu hununua silaha. Miaka iliyofuata haikumkanusha. Tarehe 3 Agosti 2019 kijana mmoja aliwapiga risasi watu katika duka la Walmart mjini El Paso, na waliokufa ni 23. Alikuwa ameandika kwamba wahamiaji wanaivamia nchi yake. Mwezi uliofuata Walmart ikatangaza kuacha kuuza risasi za bastola. Rafu ilipungua bidhaa. Hofu iliyomtuma kijana yule haikuwa kwenye rafu.

Hapo ndipo filamu ilipotugusa, na hapo ndipo inapopungua. Moore anaiona hofu kama kitu kinacholetwa kutoka nje, kwenye taarifa ya habari. Sisi wa Usukumani tunajua kwamba hofu huzaliwa ndani ya boma, hata kabla televisheni haijafika. Mnadani panga zimepangwa chini kando ya kanga na sabuni, na hakuna kosa, kwani panga ni chombo cha kazi. Lakini kwa panga hizohizo vikongwe wa kanda hii wameuawa kwa miaka mingi. Mtoto anakufa, ng'ombe wanakufa, mpiga ramli anaulizwa, na kidole kinamwelekea mjane mwenye macho mekundu. Moshi wa kuni na samadi aliopikia maisha yake yote unageuzwa ushahidi. Jana tulimwita mayu, leo tunamwita mchawi. Na mara nyingine nyuma ya hofu pana tamaa ya shamba lake.

Hata ulinzi wetu haukusalimika. Sungusungu walipoanza miaka ya 1980 walituletea nafuu kubwa dhidi ya wezi wa mifugo. Lakini mahali pengine mishale ile iligeuziwa wanawake waliotuhumiwa uchawi.

Mwaka ule wa 2015 uliotupa sheria ya silaha, Serikali ilipiga marufuku pia ramli chonganishi. Ilikuwa hatua ya busara, maana bunduki inahitaji leseni lakini tuhuma haihitaji. Na Umoja wa Afrika umeufanya Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu. Mwenye gobole aliloundiwa na mhunzi ana pa kulipeleka. Je, mwenye hofu anaipeleka wapi?

Jibu lilipaswa kuwa kanisani. Tukiri kwamba si hivyo kila wakati. Wako wanaosali asubuhi na kwenda kwa mpiga ramli usiku, na ziko mimbari ambazo kila wiki humtafuta adui aliyemroga mtu. Mahubiri ya namna hiyo huuza hofu kwa bei nafuu kuliko duka lolote la Marekani. Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza sura ya 4, anafundisha kwamba upendo uliokamilika hauachi nafasi ya hofu. Kwetu upendo huo una kazi inayojulikana: siku ya msiba, kabla neno la ramli halijasemwa, wazee wa kanisa waende wakaketi kwa yule mjane ambaye macho ya watu yameanza kumgeukia, wale chakula chake, na waonekane wakila.

Usiku ule Bwana aliamuru upanga urudishwe alani. Lakini hakuishia hapo. Aligusa sikio la mtu aliyekuwa ameogopwa, na hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna duka linaloweza kutufanyia.