Udi na Lahani ya Kuazima: Zein l'Abdin na Juma Bhalo katika Mkusanyo Mmoja

Mkusanyo wa tarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique mwaka 2005 ukiwa wa pili katika mfululizo wa Zanzibara, umewaweka pamoja waimbaji kadhaa wa kisiwa cha Mvita. Tahakiki hii itashughulika na wawili tu, Zein l'Abdin na Mohamed Khamis Juma Bhalo. Ni vigumu kupata mafundi wawili wa mji mmoja na zama moja waliohitilafiana zaidi, na hitilafu yao aghalabu huhukumiwa kwa haraka.

Zein, mzaliwa wa Lamu, alikuwa bingwa wa udi. Uimbaji wake umeegemea lahani za Kiarabu na tungo za Kiamu. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kwa kuimba maneno ya Kiswahili kwa lahani za nyimbo za filamu za Kihindi. Hukumu iliyozoeleka ni kwamba wa kwanza ndiye mhifadhi wa asili, na wa pili ni mwigaji.

Hukumu hiyo ina kasoro. Udi nao ulitoka ng'ambo. Kama kuazima ni aibu, basi wote wawili wamo. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumejibu nusu ya swali. La kuulizwa ni hili: lahani ya kuazima inamtendea nini mshairi wa Kiswahili?

Tuchukue kipande cha mizani minane, tulichokibuni kwa mfano tu: "Moyo wangu watulia". Katika shairi la kawaida kipande hiki ni ukwapi, na utao wake una mizani minane mingine. Mpiga udi anaweza kuufuata mgao huo: sauti ikome penye kina cha kati, udi ujibu, kisha utao uingie. Ala inamngojea mshairi. Lahani ya filamu, kinyume chake, imekwisha kupimwa kwa maneno ya lugha nyingine kabla Mswahili hajatia neno. Hapo mshairi ndiye anayengojea. Hana budi kufupisha kipande kimoja na kurefusha kingine, na mizani kumi na sita hailazimiki tena.

Je, hiyo ni hasara? Kwa anayeihesabu arudhi kwa vidole, ndiyo. Hata hivyo sikio linatambua kwamba vina havikutupwa, na fumbo halikutupwa. Kilichopatikana ni bahari mpya zisizo na majina katika vitabu vyetu. Miongoni mwa waliomtungia Juma Bhalo ni ndugu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Mtu huyo hawezi kushukiwa kwamba hakuijua arudhi. Akiiacha kwa ajili ya lahani, aliiacha kwa kujua.

Kwa upande wa Zein ipo hatari ya namna nyingine. Utulivu wake waweza kumfanya msikilizaji auheshimu wimbo kama kitu cha makumbusho, asiusikilize kama maneno anayoambiwa yeye. Bhalo hampi nafasi hiyo. Sauti yake inalalama, na anayelalamikiwa hujijua.

Mkusanyo wenyewe una upungufu mmoja wa kutajwa. Nyimbo za wakati huo zilitolewa kwa santuri ndogo, ambazo upande mmoja huchukua dakika chache tu. Katika kesha la harusi Mji wa Kale wimbo hurefuka kadiri hadhira inavyotaka, na beti hurudiwa huku watu wakitunza. Kwa hiyo tunalolisikia hapa ni muhtasari wa sanaa ya wote wawili, na anayewapima kwa huo peke yake ajihadhari.

Jambo hili latuhusu sisi tunaofundisha. Tunamsomesha Ahmad Nassir wa kitabu, na kumwacha Ahmad Nassir wa harusini kwa wenzetu wa muziki. Matokeo yake ni nadharia ya arudhi inayoeleza tungo zilizochapwa na kunyamaza mbele ya zile ambazo wenyeji wa Mvita wanazihifadhi moyoni. Mkusanyo huu, ukisikilizwa kwa kalamu mkononi, utatulazimisha kuirekebisha.