Njia ya Mawe, au Njia Iliyotandikwa Mawe?

Kila mwaka siku ya Ijumaa Kuu twasomewa Mateso ya Bwana wetu kama alivyoyaandika Mtakatifu Yohane. Katika sura ya 19 twafika mahali ambapo Pilato aliketi katika kiti cha hukumu. Mwinjili ataja jina la mahali pale mara mbili: kwa Kigiriki Lithostrotos, na kwa Kiebrania Gabatha. Vitabu vyetu vya Kiswahili huliita lile la kwanza "Sakafu ya mawe". Maneno hayo ni matatu tu, nayo hupita upesi masikioni. Lakini yafaa tuyapime, kwa maana yatuonyesha upungufu mmoja wa usemi wetu, kila tunapotaka kueleza njia au uwanja uliotengenezwa kwa mawe.

Tulitazame kwanza neno la Kigiriki. Limeundwa kwa maneno mawili: lithos, maana yake jiwe, na jingine lenye maana ya kutandikwa. Basi Lithostrotos ni mahali palipotandikwa mawe. Ndani ya neno hilo mna jiwe, tena mna kazi ya mkono wa mtu.

Je, tafsiri yetu imechukua yote mawili? Kwa sehemu, ndiyo. Sakafu haijifanyi yenyewe. Lazima yuko aliyeitengeneza. Katika jambo hilo watafsiri walifanya vema. Tena Yohane ataja jina la mahali, na jina lapaswa kuwa fupi. Mimi sitaki lifutwe.

Hata hivyo, neno sakafu lina mipaka yake. Asili yake ni neno la Kiarabu saqf, maana yake dari au paa. Huko pwani, katika nyumba za mawe, paa la juu lilikuwa tambarare, la chokaa na mawe madogo yaliyopondwapondwa na kushindiliwa. Kwa hiyo sakafu ni neno la nyumba. Hapa Lubumbashi, mtu wa Katuba au wa Kamalondo akisikia sakafu huwaza saruji laini iliyo chini ya meza na kitanda. Basi akisikia habari za Pilato, amwona Bwana wetu akihukumiwa chumbani, mlango umefungwa.

Lakini Yohane asema kinyume. Waliomshtaki Yesu hawakutaka kuingia ndani ya nyumba ya liwali, wasije wakatiwa unajisi kabla ya kula Pasaka. Pilato alilazimika kutoka nje kwao, na mwisho alimleta Yesu nje pia. Hukumu ilitolewa hadharani, mahali ambapo kila mtu aliweza kumtazama yule aliyevikwa taji la miiba. Aibu ile ya mbele ya watu ni sehemu ya Mateso yenyewe. Kwa hiyo katekista anayeeleza somo aseme: "Ulikuwa uwanja uliotandikwa mawe." Jina libaki kitabuni, na maelezo haya yalifuate.

Sasa tutoke uwanjani tuingie njiani, maana huko upungufu ni mkubwa zaidi. Njia hatuiiti sakafu. Twasema tu "njia ya mawe" au "barabara ya mawe", tukidhani tumemaliza. Sikilizeni sentensi hizi mbili:

"Mama aliumia mguu, kwa sababu ile ni njia ya mawe."

"Mji ule ni mzuri, una njia za mawe."

Sentensi ya kwanza yalalamika, ya pili yasifu. Kiungo "ya" ni kile kile, na mawe ni yale yale, lakini maana zimeachana kabisa. Katika sentensi ya kwanza mawe yametapakaa ovyo; katika ya pili yamepangwa, moja kando ya jingine, ili watu wapite bila matope. Sisi tunaokaa penye udongo mwekundu, ambao mvua za Desemba huugeuza tope, twajua vizuri tofauti ya mambo hayo mawili. Kwa nini basi lugha yetu iyachanganye?

Maandiko Matakatifu hayayachanganyi. Katika sura ya 62 nabii Isaya aagiza watu watengeneze njia kuu na kuyaondoa mawe yaliyomo. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Tobiti, mzee yule aona Yerusalemu mpya, ambayo njia zake zitatandikwa mawe ya thamani. Mmoja asema mawe yatolewe, mwingine asema mawe yawekwe. Katekista akieleza sehemu zote mbili kwa maneno "njia ya mawe", wasikilizaji watauliza: Je, mawe ni laana au ni zawadi? Nao wana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba jiwe lenyewe si laana wala zawadi. Yategemea kama limeachwa likwaze watu, au limechukuliwa na kuwekwa mahali pake.

Mfano mwingine tunao karibu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukaingia katika mji wa Goma. Yalipopoa, mitaa mingi ilibaki imefunikwa na mwamba mweusi wenye ncha kali. Sasa twende Roma. Iko barabara iitwayo Via Appia, iliyoanza kujengwa mwaka 312 kabla ya Kristo, na baadaye ikatandikwa mawe makubwa meusi. Mawe hayo nayo yalitoka katika volkeno, ile ya milima ya Alba. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 28, chasimulia jinsi ndugu wa Roma walivyotoka kumlaki Mtume Paulo mpaka Soko la Apio, kituo kilichokuwa kwenye barabara hiyo. Mawe ya Goma na ya Roma yote yalitoka motoni. Lakini ya Goma yalimwagika yenyewe juu ya nyumba za watu. Ya Roma yalichongwa na kupangwa na wafanya kazi. La kwanza tuliite "barabara iliyofunikwa na mawe". La pili "barabara iliyotandikwa mawe". Tukiziita zote mbili "barabara za mawe", twawapunja watu wa Goma msiba wao, na mafundi wa Roma jasho lao.

Na hapa ndipo penye uzito wa neno hili dogo. Tukisema "iliyotandikwa", mara moja akili yauliza: na nani? Swali hilo ni jema. Barabara nyingi za Kongo, katika siku za utawala wa Wabelgiji, zilifanywa kwa kazi ya shuruti. Wazee wetu walivunja mawe na kuyabeba, na majina yao hayakuandikwa popote. Mitaa kadhaa ya Bujumbura na ya Kigali nayo ilitandikwa mawe, jiwe moja moja, na watu walioinama kutwa nzima juani. Maneno "ya mawe" yanawasahau wote hao. Kitenzi chawakumbuka, hata kisipotaja majina yao.

Wengine watasema: "Neno lako ni refu, sisi twasema pave, kama Wafaransa, na mambo yamekwisha." Sina ugomvi nao. Pave ni jina zuri la lile jiwe lililochongwa, na mtu akisema sokoni "mtaa wa mapave" ataeleweka. Ila msomaji wa Dodoma au wa Mombasa huenda asielewe, na gazeti husomwa mbali. Kutandika kila Mswahili akujua: twatandika kitanda, twatandika mkeka mgeni akija. Njia iliyotandikwa mawe ni njia iliyoandaliwa kwa ajili ya mpitaji. Picha hiyo haimo katika neno la kuazima.

Tena tujihadhari na waandishi wanaofuata majina ya kigeni bila kupima. Mji Mkongwe wa Unguja wageni huuita mji wa mawe, na wengine hudhani umeitwa hivyo kwa sababu ya njia zake. Sivyo. Mawe yanayotajwa ni ya nyumba, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wenyewe Waswahili waliutaja kwa umri wake.

Basi kanuni yangu ni nyepesi. Mawe yakiwa yamejilalia tu, andika "njia yenye mawe". Yakiwa yamepangwa na mikono ya watu, andika "njia iliyotandikwa mawe". Maneno "njia ya mawe" tuyaache, kwa maana hayatuambii ni ipi kati ya hizo mbili.

Na makatekista wenzangu, kabla ya Ijumaa Kuu ijayo, waelezeni waamini jambo hili kwa sentensi moja: "Pilato alimhukumu Bwana wetu nje, juu ya uwanja uliotandikwa mawe, mbele ya watu wote." Kisha somo lianze.