Mzee wa Mashavu: Tunamcheka au Tunacheka Naye?



Mwezi uliopita kikundi chetu cha maigizo kilicheza kichekesho pale kwenye uwanja wa vijana. Mzee anaitwa intavyuu ya kwenda Marekani. Akiulizwa jina anataja umri, akiulizwa ana watoto wangapi anajibu "faini, tenkyu". Watu walicheka mpaka machozi. Lakini baba mmoja alisimama katikati ya mchezo, akachukua kigoda chake, akaenda zake. Kesho yake nikamfuata nyumbani. Akaniambia, "Mwanangu, yule mzee ni mimi." Nilikosa jibu, maana mchezo ule niliuandika mimi mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria mwigizaji mmoja wa zamani, S. Z. Sakall. Jina huenda hulijui, lakini kama umeona filamu ya Casablanca ya mwaka 1942, umemwona. Ndiye Carl, yule mhudumu mnene wa mgahawa, mwenye miwani na mashavu yanayotikisika kama uji kwenye sahani. Mimi nimeiangalia mara nne kwenye kompyuta ya kituo chetu.

Filamu inahusu wakimbizi wa Ulaya waliokwama Moroko wakati wa vita ya Hitler, wanangoja karatasi za kusafiria. Mama mmoja anauza almasi zake kwa bei ya kutupa. Wengine wanakaa tu, siku zinapita. Sisi hadithi hiyo hatuhitaji kuelezewa.

Kuna kipande kifupi sana, hata dakika mbili hakifiki. Bwana na bibi wazee wamepata safari ya Marekani, na wameapa kuongea Kiingereza tu. Bibi anaulizwa na mumewe ni saa ngapi. Kwa Kiswahili kosa lao halionekani, kwa sababu saa ya mkononi na saa ya kuuliza muda kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza ni maneno mawili, na wao wamechukua lile lisilofaa. Inachekesha kabisa. Sasa angalia Carl anafanya nini. Hawasahihishi. Amewaletea kinywaji kizuri, wamemkaribisha, amekaa mezani kwao na glasi yake. Akisikia Kiingereza kile, anawaambia watafika vizuri Marekani. Na sisi tunaoangalia tunacheka tukiwa tumekaa upande wao.

Sakall alijua anachofanya. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1883, katika familia ya Kiyahudi. Alianza kwa kuandika vichekesho vya jukwaani, kisha akaigiza Vienna na Berlin, akawa na jina kubwa. Wanazi walipochukua Ujerumani mwaka 1933 akarudi kwao Hungaria. Huko nako sheria za kuwabana Wayahudi zikaja, naye akaondoka na mke wake kwenda Hollywood. Alikuwa ameshapita miaka hamsini. Fikiria, kuanza upya na umri huo, kwa lugha ya watu! Hata hiyo kazi ya Carl aliikataa mwanzoni kwa sababu ilikuwa ndogo, akakubali baada ya kuahidiwa wiki kadhaa za malipo. Sisi tunaolipwa insentivu tunamwelewa.

Hata wale wazee wawili, Ludwig Stössel na Ilka Grüning, walikuwa wakimbizi kweli. Ndiyo sababu kichekesho kile hakina dharau. Wenye kidonda ndio waliocheka kwanza.

Lakini sitaki kumsifu tu. Filamu haimpi Carl nafasi ya kusema ametoka wapi wala amemwacha nani. Dada watatu wa Sakall waliuawa kwenye kambi za Wanazi. Neno kambi kwetu ni mahali pa kulala na kungoja. Kambi zile zilikuwa za kuua. Watazamaji hawakuyajua hayo. Walitaka mashavu. Studio ya Warner Brothers ikamwekea jina la utani, "Cuddles", kama mtoto wa kukumbatiwa, likaandikwa hadharani pamoja na jina lake. Mzee wa miaka sitini! Yeye hakulipenda. Na filamu kwa filamu akapewa mtu yuleyule: mjomba mwema, mpishi mwema, kama Felix kwenye Christmas in Connecticut ya 1945. Alipoandika kitabu cha maisha yake, mwaka mmoja kabla ya kufa Februari 1955, jina la kitabu liliwapanga pamoja watawala watatu wa maisha yake: mfalme Franz Joseph, Hitler na hao Warner Brothers. Ni utani, lakini una mwiba.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, mzee akiwachekesha kwenye foleni ya mgao, msiseme tu "huyu ana furaha". Mumuulize habari zake.

Na sisi vijana wa maigizo? Nimeona kosa letu liko wapi. Kiingereza kibovu hakina shida. Shida ni kwamba yule mzee tulimweka peke yake mbele ya meza, tukawakalisha watazamaji upande wa afisa. Sasa nimeongeza mtu wa pili kwenye benchi, jirani yake, naye Kiingereza chake ni kibovu vilevile. Wanafundishana wakingoja. Kicheko kimebaki, ila kimehama upande.

Nilienda kumwambia yule baba kwamba tutaurudia Jumamosi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitakuja. Lakini kigoda changu nitakiweka karibu na njia."

Ni haki yake. Karibuni na ninyi.