Mtoto wa Dawati la Nyuma

Kila Septemba, katika sharika nilizosali Mbeya na Iringa, tunawaombea watoto wa darasa la saba wanaokwenda kufanya mtihani. Ni desturi njema. Lakini matokeo yakitoka, waliofaulu huitwa mbele pamoja na wazazi wao kutoa shukrani. Wengine hubaki kwenye mabenchi ya nyuma, macho chini, na hakuna anayewaita.

Nalisema hili nikijihukumu kwanza mimi. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi Mbeya, niliwakalisha wanafunzi kwa alama: wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma. Kijana mmoja alikaa dawati la nyuma mwaka mzima. Nilimwambia mama yake, "Mama, huyu ni mzito. Usijisumbue kutafuta ada ya sekondari." Mama yule alinishukuru, akaenda zake. Mwaka uliofuata walikuja shuleni wapimaji wa macho. Kumbe kijana alikuwa haoni ubao! Alishindwa kwa sababu alikaa nyuma, nami nilimweka nyuma kwa sababu alishindwa.

Kupima si dhambi. Alfred Binet, aliyetoa kipimo chake cha akili pamoja na Théodore Simon huko Ufaransa mwaka 1905, alitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu haiwezi kuongezeka. Hapa kwetu, mwaka 2002, Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa shule za Bagamoyo. Waliwapima, wakawafundisha kwa muda mfupi, wakawapima tena. Alama zilipanda, na aliyekuwa chini mara ya kwanza hakuwa lazima chini mara ya pili. Mimi nilipima mara moja, nikafunga daftari.

Wapo wanaojitetea kwa mfano wa talanta katika Mathayo 25, kwamba bwana aligawa kwa kadiri ya uwezo wa kila mtumishi. Ni kweli. Lakini bwana yule aliwajua watumishi wake. Mimi sikumjua hata kijana aliyekuwa mbele ya macho yangu. Tena, aliyepewa mbili alipata pongezi ile ile ya aliyepewa tano. Aliyelaumiwa ni yule aliyefukia talanta ardhini. Nami nilifukia, tena isiyokuwa yangu.

Hata nabii Samweli alikosea alipomtazama Eliabu kule Bethlehemu. Daudi hakuwa hata kwenye mstari, alikuwa machungani. Ilibidi Samweli aulize kama watoto wote wamekwisha, kisha wote wakasubiri hadi mdogo aitwe.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Sisi kanisani bado tunatangaza wetu.

Wazee wa kanisa, naomba mwaka huu tuwaite mbele watoto wote walioombewa Septemba, tushukuru pamoja. Kisha baada ya ibada, tukae na wale ambao hawakuchaguliwa, pamoja na wazazi wao, tuwaulize kilichowakwamisha: ni macho, njaa, safari ndefu ya kwenda shule, au ni sisi walimu? Wengine watahitaji mfuko wa usharika, na wengine mtu wa kuwasomesha jioni. Tusiwaache wamama waondoke wakitushukuru kwa hukumu.